Wimbo wa Kwanza ni Upi?

Najua nimepotea. Wiki tatu kimya, mpaka wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, bado nipo. Test zimeisha, moja sitaki hata kuizungumzia. Leo nina kisa kingine kabisa, na kinanihusu mimi na huu mdomo wangu.

Mnaokaa Hall yetu mnakijua kijiwe chetu cha Jumamosi usiku, pale ngazi za nyuma, karibu na kamba za kuanikia nguo. Watu wengine wakikaa kijiweni wanabishana Simba na Yanga. Sisi watano tunabishana Queen. Ndiyo, ile bendi ya rock ya London iliyoanzishwa 1970, kabla hata wazazi wa baadhi yetu hawajazaliwa. Msituulize tulianzaje. Wa kulaumiwa ni Mwinyi.

Mwinyi ni mtu wa Unguja, Mji Mkongwe kabisa, na kwake yeye Freddie Mercury ni mtu wa nyumbani. "Mtu kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, baba yake keshia wa mahakama pale pale mjini, nanyi mwasema Mwingereza!" Fundi humkumbusha kila mara kwamba huyo Farrokh alipelekwa shule ya bweni India akiwa na miaka 8, na kwamba familia iliondoka Zanzibar 1964 baada ya Mapinduzi, yeye akiwa na miaka 17. Mwinyi anajibu kwa swali moja tu: "Kitovu kimezikwa wapi?" Hapo huwa tunakosa la kusema, tunamimina chai.

Sasa Jumamosi ile swali lilikuwa: katika albamu 15 za studio za Queen, ipi ni bora kuliko zote? Sheria ya kijiwe ni kwamba kila mtu anataja moja tu, na lazima aitetee mpaka chupa ya chai iishe.

Akaanza Dada Neema. Yeye anaimba kwaya kanisani, sauti ya pili, na albamu yake ni A Day at the Races ya 1976. Sababu yake ni Somebody to Love. Anasema yeye amekaa kwenye kwaya miaka 9, anajua kazi ya kuwaweka watu 30 wafungue mdomo kwa wakati mmoja. Halafu unaambiwa ile kwaya unayoisikia mle ni watu watatu tu, Freddie, Brian May na Roger Taylor, wamejirekodi sauti juu ya sauti mpaka ikawa kama kanisa zima la watu weusi wa Marekani. Freddie alikuwa anamhusudu sana Aretha Franklin. "Watu watatu!" akasema Neema akiinua vidole. "Sisi thelathini na bado tunaachana njiani."

Fundi akafuata. Anasoma uhandisi wa umeme, na jamaa akianza kuzungumzia Queen unaweza kudhani ni kampuni ya vifaa. Atakwambia gitaa la Brian May alilitengeneza mwenyewe na baba yake kuanzia 1963, shingo yake imetoka kwenye mbao za zamani za meko ya ukutani, springi zake ni za pikipiki, na anapigia sarafu badala ya kile kiplastiki cha kawaida. Atakwambia John Deacon, mpiga besi, ana digrii ya elektroniki ya daraja la kwanza, na siku moja aliokota bodi ya saketi kwenye takataka akaigeuza amplifaya, na ile amplifaya ikaingia kwenye albamu zilizouzwa dunia nzima. Hapo Fundi hutuangalia mmoja mmoja kama vile sisi ndio tuliotupa ile bodi. (Brian May naye aliacha PhD yake ya fizikia ya anga miaka ya 1970 bendi iliposhika kasi, akarudi kuimaliza 2007. Nilipomwambia hivyo msimamizi wa utafiti wangu hakucheka.)

Basi, albamu ya Fundi ni Queen II ya 1974. Ile santuri haina upande A na B, ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe karibu wote ni nyimbo za Brian. Mweusi ni wa Freddie mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, nyimbo zinashikana mkono bila kupumua. Na yote hiyo, anasema Fundi, hakuna sinthesaiza hata moja. Miaka ya 1970 walikuwa wanajisifia kabisa kwenye majalada kwamba hawatumii, mpaka walipokuja kulegea kwenye The Game ya 1980. Kwa Fundi, 1980 ni kama mwaka wa msiba.

Mwinyi akataja Jazz ya 1978, kwa sababu inafunguliwa na Mustapha, wimbo wenye maneno ya Kiarabu na maneno mengine ambayo nadhani Freddie mwenyewe ndiye aliyeyajua. Mwinyi anaapa kwamba ile sauti ya mwanzo mtu hawezi kuitoa kama hakukulia karibu na msikiti. Ushahidi hana. Anaongezea kwamba hata ndani ya Bohemian Rhapsody mna Bismillah, neno ambalo kila mtoto wa madrasa analitamka kabla ya kula. Tukamwambia huo wimbo haumo kwenye Jazz, akae kwenye hoja yake.

Hot Space ya 1982 hakuna aliyeitaja. Tulishakubaliana zamani kwamba ile ndiyo albamu ambayo Queen walidisko, kwa maana zote mbili. Kwi kwi kwi.

Zamu yangu ikafika.

Hapa inabidi niwape historia kidogo. Mjomba wangu alikuwa na gereji Morogoro, na kwenye gereji kulikuwa na redio ya CD iliyofungwa kwa waya, na CD moja imeandikwa kwa maka peni QUEEN, basi, hakuna kingine. Nimekua na ile CD. Nimejifunza kubadilisha plagi nikiisikia. Naijua mwanzo mpaka mwisho, pamoja na pale inaporuka kwa sababu ya grisi. Kwa hiyo mimi miaka yote najihesabu mtu wa Queen wa siku nyingi, kuliko hawa walioanza kwenye ile sinema ya 2018. Lakini albamu zenyewe, moja moja? Sikuwa nimezisikiliza. Nilikuwa nimesoma soma tu mtandaoni, nikaona A Night at the Opera ya 1975 ndiyo inayotajwa kila mahali, nikaibeba.

Na niliitetea vizuri, msidhani. Niliongea kuhusu ule wimbo wa dakika 5 na sekunde 55 ambao watu wa muziki walisema redio hazitaupiga kwa urefu wake, ukakaa namba moja Uingereza wiki 9. Niliongea kuhusu kanda iliyopitishwa kwenye mashine mara nyingi kiasi cha kuanza kupitisha mwanga. Nikawa nasimama kabisa, natembeza mikono.

Fundi akanisikiliza mpaka mwisho. Akapuliza chai yake. Akasema, "Sawa mkuu. Wimbo wa kwanza ni upi?"

"Wimbo wa kwanza wa nini?"

"Wa A Night at the Opera. Ukibonyeza tu, unaanza wimbo gani?"

Nikajibu bila hata kufikiri, maana hiyo ndiyo CD yangu ya gereji. "Bohemian Rhapsody."

Kimya. Halafu Mwinyi akajipiga paja. Halafu wote.

Wimbo wa kwanza ni Death on Two Legs, ambao Freddie aliuandika kumtukana meneja wao wa zamani. Bohemian Rhapsody ni wa 11 katika nyimbo 12, na baada yake kuna ule wimbo wa taifa wa Uingereza kwa magitaa. Albamu inayoanza na Bohemian Rhapsody ni Greatest Hits ya 1981, ile ya Uingereza, mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma, uliouzwa Uingereza kuliko albamu nyingine yoyote, nakala zaidi ya milioni 7. "Kumbe wewe ni mmoja wa hao milioni 7," akasema Neema, na kicheko kikaanza upya. Hata Babu alitabasamu.

Babu nakaa naye chumba kimoja. Tunamwita Babu kwa sababu ya upole wake, anatembea kama mtu aliyestaafu. Zamu yake ilikuwa imepita tayari na alikuwa amesema neno moja tu, "Innuendo", akanyamaza, na sisi tukapita kama kawaida yetu kwake.

Sasa mimi nimeaibika, masikio yanawaka, na mtu aliyeaibika hutafuta wa kumshukia. Ningemshukia Fundi ningepigwa tena. Nikamshukia Babu.

Nikasema, "Na wewe unacheka nini, na hiyo albamu yako ya msiba? Ile si albamu, ile ni matanga. Mtu anaumwa, basi tukae kimya tumsikilize anavyoumwa."

Nikaongeza na mengine, siyaandiki. Na jambo lenyewe ni kwamba hata Innuendo sikuwa nimeisikiliza. Nilikuwa naujua wimbo wake wa mwisho tu.

Babu hakusema kitu. Alimwaga chai iliyobaki kwenye majani, akachukua kikombe chake, akapanda ngazi. Neema akaniangalia, akaniuliza, "Umemaliza?"

Niliporudi chumbani alikuwa ndani ya chandarua, amegeukia ukuta. Asubuhi niliamka nikakuta ameshatoka. Sasa sikilizeni. Kila siku tangu mwaka wa kwanza, Babu anaamka kabla yangu, anachemsha maji ya vikombe viwili kwenye jagi la umeme, kimoja chake kimoja changu. Jumapili ile nikafungua jagi, nikakuta mna tone tu chini. Alichemsha ya kikombe kimoja. Jumatatu hivyo hivyo. Jumanne hivyo hivyo. Salamu tunapeana, daftari tunaazimana, lakini maji ni ya kikombe kimoja.

Kwa kuwa sikujua pa kuanzia, nikanunua bando la wiki nikaanza kusikiliza. Albamu zote, kwa mpangilio, kuanzia ile ya kwanza ya 1973. Nimezisikiliza kwenye daladala, nikifua, kwenye foleni ya kafeteria, na nyingine kwenye kipindi cha mhadhiri ambaye sitamtaja. Kusema kweli niliona aibu upya kila siku. Hiyo A Night at the Opera niliyokuwa naitetea ina wimbo wa Roger Taylor kuhusu mtu anayependa gari lake kuliko mke, mjomba wangu angeucheza mpaka CD itoboke. Ina wimbo wa Brian May kuhusu watu waliosafiri anga za mbali, wakadhani wamekaa mwaka mmoja, wakarudi wakakuta nyumbani waliowaacha wameshazeeka na kufa. Fizikia ya Einstein hiyo, imepigwa kama ngoma ya kijijini. Miaka yote naishi na chumba kimoja cha nyumba, nasema naijua nyumba.

Lakini iliyonikamata ni Sheer Heart Attack, ya 1974 hiyo hiyo, miezi michache baada ya Queen II ya Fundi. Walikuwa Marekani kwenye ziara, Brian akaugua homa ya ini, ziara ikakatika. Wakarudi Uingereza kurekodi, akaugua tena, vidonda vya tumbo, akalazwa. Alikuwa anaogopa wenzake watatafuta mpiga gitaa mwingine. Wao wakaendelea kurekodi watatu, na kila mahali ambapo gitaa lake lingekaa wakaacha wazi. Alipotoka hospitali akaja kujaza. Niliposoma habari hiyo nilikuwa kwenye daladala la Ubungo, nikaurudia ule wimbo tena, nikawa najaribu kusikia nafasi zilikuwa wapi. Husikii. Zimejaa.

Mpaka Jumatano usiku nilikuwa nimefika Innuendo, na sikuweza kuibonyeza. Mtu mwenyewe yupo mita moja kutoka kwangu, anasoma desa kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika, halafu mimi niisikilize peke yangu kama mwizi?

Nikasema, "Babu, nimebakiza Innuendo."

Akafunua ukurasa. Nikadhani hajasikia.

"Umezisikiliza zote?"

"Zote mpaka hapo. Hata Hot Space."

"Pole," akasema. Akashuka kitandani, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mkono. Nikampa upande mmoja wa hedifoni.

Nilitaka kuomba msamaha kwanza, nilikuwa nimeshapanga na maneno. Akaniambia, "Sikiliza kwanza." Tukasikiliza. Katikati ya nyimbo ndiyo akawa anaongea, kidogo kidogo, akiangalia mlango.

Kwamba ile sinema aliiangalia kwenye laptop ya binamu yake akiwa kidato cha pili. Sinema inaishia Live Aid, 1985, watu wanashangilia, basi. Na imepindisha, inaonesha kama Freddie alishajua kabla ya Live Aid, wakati inavyoelezwa alipimwa baadaye, 1987. Yeye akajiuliza, kutoka 1985 mpaka 1991 ni miaka 6, huyu mtu alikuwa anafanya nini? Ndipo akaikuta Innuendo, iliyotoka Februari 1991. Freddie alitangaza kwamba ana UKIMWI tarehe 23 Novemba mwaka huo, akafa kesho yake. Kabla ya hapo alikuwa anakanusha. Anakwenda studio, London na kule Montreux Uswisi, anakaa chini akichoka, anasimama anaimba.

"Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi," akasema Babu. "Alikuwa anaumwa, sisi tunaona anakonda. Hakutuambia anaumwa nini. Mpaka leo mama hajatuambia. Asubuhi anavaa shati, anakwenda kufundisha. Watu wanamwambia pumzika, anasema darasa la sita wana mtihani."

Mimi nilikuwa sina neno. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, na huu ulikuwa na mlio wa ajabu. Nikasikiliza vizuri. Ni gitaa, linalia nyau.

"Babu, huyu ni paka?"

"Ni paka. Delilah, paka wake. Anamwimbia paka wake, mpaka habari za kukojolea viti. Brian anamfanyia sauti ya paka kwa gitaa." Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Matanga gani haya yenye paka?"

Nikacheka. Sikukusudia. Naye akacheka, mpaka jirani akagonga ukuta.

Ule wa mwisho, The Show Must Go On, tuliusikiliza bila kuongea. Brian May amesimulia kwamba alikuwa na wasiwasi, sauti ile iko juu mno kwa mtu mgonjwa, na Freddie akanywa vodka kidogo akaumaliza. Ulipoisha nikaomba msamaha, yale maneno niliyopanga sikuyakumbuka hata moja, nikasema tu nisamehe. Akasema yameisha.

Halafu akaniambia ipo nyingine, Made in Heaven, iliyotoka 1995, wenzake wamemalizia sauti alizoacha. Ndani yake kuna Mother Love, ndiyo kazi ya mwisho aliyorekodi. Akafika karibu na mwisho, akasema amechoka, atarudi kumalizia ubeti uliobaki. Hakurudi. Ule ubeti kaimba Brian.

"Baba aliacha madaftari kwenye begi," Babu akasema. "Nusu yamesahihishwa. Mama akayarudisha shule, mwalimu mwingine akayamalizia. Yeye alikuwa anatumia kalamu nyekundu, yule mwalimu akatumia ya kijani. Mdogo wangu alikuwa darasa hilo, daftari lake tunalo. Unaona kabisa nyekundu inaishia wapi."

Umeme ukarudi kama saa sita hivi. Tukaizima taa tukalala.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kijiweni tena, na Fundi sasa kanigeuza mtihani. Kila nikifungua mdomo ananiuliza wimbo wa kwanza. Nimewaambia yangu rasmi ni Sheer Heart Attack, akauliza wimbo wa kwanza, nikamwambia Brighton Rock, akauliza wa mwisho, nikamwambia pia. Neema anasema nimechagua hiyo ili nionekane tofauti. Mwinyi bado yuko na Mustapha wake. Babu kasema Innuendo, na safari hii alisema zaidi ya neno moja, aliongea mpaka chai ikaisha, tukamchemshia nyingine. Sheer Heart Attack yangu kaiweka namba nne. Namba nne jamani! Nyuma ya The Miracle!

Hilo sitalikubali. Lakini ngoja nikalale, nina kipindi saa moja asubuhi, na kesho zamu ya kuchemsha maji ni yangu.